Abah Odang na Kahawa Iliyolala Siku Thelathini na Sita

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama una ng'ombe anayesubiri kukamuliwa, mwambie avumilie kidogo. Hata yeye alimjua marehemu, maana makelele ya mashine yake yalimfikia kila Jumanne.

Leo tunamkumbuka Odang Suhanda wa Legok Haur. Odang Suhanda, mliyemwita nyote Abah Odang, yaani Babu Odang, hata wale mliomzidi umri. Amefariki akiwa na miaka sitini na tatu. Ninarudia, sitini na tatu, maana kuna watu wameshaanza kusema sabini. Kichwa kile kilikuwa cheupe kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya miaka.

Ameacha mke mmoja, Mak Entin. Ameacha binti mmoja, Rinrin, anayefanya kazi mjini Bandung. Na ameacha mfuko mmoja wa kahawa.

Mke na binti mnawajua, mnapishana nao sokoni. Kwa hiyo mimi nitawaambia habari za mfuko.

Lakini tuanze na pua. Abah Odang aliingia kiwanda cha chai akiwa na miaka kumi na tisa, akawekwa chumba cha kukaushia majani. Alikaa humo miaka ishirini na saba. Wenzake walitazama kipimo cha joto ukutani. Yeye alinusa. Siku moja alimwambia msimamizi, "Bwana, toa hayo majani, yanaanza kulalamika." Msimamizi akacheka, akangoja dakika tano, akatoa majani yaliyoungua. Tangu siku ile pua ya Odang ikawa na kiti chake kiwandani.

Mak Entin aliolewa na pua hiyo. Alikuwa msichana wa kuchuma chai, na kitu cha kwanza alichokijua kwa mumewe kilikuwa shati. Jioni Odang akirudi, shati lilinuka chumba cha kukaushia: jani la chai linapoacha maji yake na kuanza kuwa tamu. Mak Entin alifua lile shati mwaka baada ya mwaka, na harufu haikutoka. Kisha kiwanda kikapunguza watu, Odang akarudi nyumbani na miaka arobaini na sita, na harufu ikatoka yenyewe ndani ya mwezi mmoja. Mke wake hakusema kitu. Mtu utasema nini? "Mume wangu hanuki tena"? Watu wangempongeza.

Ndipo Odang akaingia kwenye kahawa. Miaka kumi na saba ya mwisho ya maisha yake ilikuwa ya kahawa. Kumi na saba. Alichukua mtungi wa gesi uliokwisha kazi, akaukata, akauchomekea mota ya pampu ya maji, ukawa unazunguka juu ya moto. Siku ya kwanza alipouwasha, kuku wa jirani waligoma kutaga. Nasema jirani, sisemi jina. Kuku wenyewe wanajijua.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mzozo ulipoanza. Maana sisi watu wa milimani kahawa yetu tunaijua. Ni nyeusi kama sufuria ya bibi. Unaikaanga mpaka inatoa mafuta, unaisaga, unaimwagia maji ya moto kwenye glasi, unaweka sukari, unasubiri unga utulie. Odang yeye alikaanga akisubiri punje zilie mara ya kwanza, pa, pa, kama bisi. Zikishalia kidogo, anazimwaga kwenye ungo anazipepea. Rangi ya mdalasini! Punje kavu, ngumu, hazina hata tone la mafuta.

Dada yake mkubwa, Ceu Kokom, alikuwa akisimama mlangoni mwa kibanda mikono kiunoni. "Odang," anasema, "hii kahawa umeikaanga, au umeionyesha moto kwa mbali?"

"Nimeikaanga, Ceu."

"Basi moto ulikuwa na haya."

"Ceu, ukiichoma nyumba yote, utajuaje ilikuwa na madirisha mangapi?"

"Mimi nataka kahawa, sitaki madirisha!"

Ceu Kokom, najua unasikiliza. Usizime redio. Sehemu yako inakuja, na inaisha vizuri.

Odang alinunua mashine ya mkono iliyokwishatumika, ile ya kunyanyua na kushusha mpini, inayokamua kahawa kidogo, nzito, kwenye kikombe cha kidole kimoja. Vijana wa baiskeli kutoka mjini walipanda mlima kwa ajili ya kikombe hicho. Wakifika wana kiu, wanataka kahawa iliyokaangwa asubuhi hiyo hiyo, ikiwa bado na joto. Odang anakataa. "Hiyo imelala," anasema. "Ukimwamsha mtu aliyelala sasa hivi, atakupa maneno matamu?"

Alikuwa na maelezo yake. Kahawa nyeusi, alisema, imechoka, imepasuka pasuka, hewa yake inatoka haraka. Ilaze siku saba, inaamka. Lakini hii nyepesi ni ngumu. Imejifungia na hewa yake ndani, kama mkwe aliyenuna chumbani. Ukimlazimisha atoke kabla hajatulia, atakutemea mate. Na kweli, kahawa changa kwenye mashine ile inatema. Inafoka povu, maji yanakosa njia, kikombe kinakuwa kikali mpaka masikio yanatikisika. Kwa hiyo nyeusi siku saba. Nyepesi mwezi, na zaidi ya mwezi. Aliiweka kwenye mfuko wenye kitundu kidogo, hewa inatoka wala haiingii. Akaandika kwa kalamu nene: Kulala, na siku yake. Chini yake akaandika: Kuamka, akaacha wazi. Hiyo hakuijaza mpaka siku yenyewe. Kila alfajiri baada ya sala aliuminya mfuko, akaweka pua kwenye kitundu, akasikiliza.

Siku kahawa ilipoamka, kikombe cha kwanza kilikuwa cha mke wake. Si cha vijana wa baiskeli, si cha mgeni wa heshima. Cha kwanza ni cha Mak Entin. Anakiweka mbele yake, anakaa, magoti yamebanana kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

"Vipi, Nyai?"

Na Mak Entin anaonja, anatazama dari, anaacha muda upite.

"Chachu."

Odang anakuna sikio. "Chachu wapi? Mwanzoni au mwishoni?"

"Kote."

"Basi subiri. Ya Jumanne hii utaona." Na anaondoka karibu anakimbia, dakika mbili baadaye mota ya pampu inanguruma.

Hivyo hivyo miaka kumi na saba. "Vipi, Nyai?" "Chachu." Binti yao Rinrin anasema alipokuwa mdogo alidhani hiyo ndiyo dua ya kunywea kahawa. Kama Mak Entin aliwahi kudanganya, hakumwambia mtu.

Sasa tufike kwenye mfuko wa mwisho.

Nyuma ya nyumba kuna mibuni kumi na miwili. Odang aliipanda kwa mkono wake, na mwaka huu ndio imezaa ya kutosha mtu kujivunia. Alichuma nyekundu tupu, akaanika, akakoboa, akachambua punje moja moja. Jumanne asubuhi akakaanga. Akaitoa mapema kuliko alivyowahi kuitoa, punje zimelia kidogo tu, akamwaga kwenye ungo. Mak Entin alikuwa anakatakata maharage mabichi karibu yake. Akatazama ungo akasema, "Kang, hii hata mimi naiona imetoka mbio."

"Nyai, hii hutasema chachu."

"Nitasema."

"Hutasema."

"Nitasema, na kesho pia nitasema."

Odang akacheka, akaandika kwenye mfuko: Kulala, Jumanne. Chini: Kuamka, wazi. "Lakini iache ilale," akasema. "Hii italala sana. Usiiamshe kabla ya wakati wake, utanifedhehesha."

Hayo yalikuwa Jumanne. Jumatano, baada ya sala ya alasiri, alikaa kwenye benchi la kibanda akaomba maji ya uvuguvugu. Mak Entin akaenda kuchukua. Aliporudi mumewe ameegemea nguzo, kichwa kimelala upande kama anayesikiliza kitu. Akaweka glasi pembeni yake. Akasema, "Maji haya hapa, Kang." Kisha akasema tena, "Maji haya hapa."

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Moyo, alisema daktari. Ulisimama tu. Kufikia magharibi alikuwa ameshalazwa udongoni, maana kwetu maiti hangojeshwi.

Mak Entin aliosha ile glasi. Watu walimtazama akiosha glasi wakasema, ana nguvu huyu mama. Wasikilizaji wapendwa, hakuwa na nguvu. Hakuwa na kitu. Hakulia, na si kwamba alijizuia. Alitafuta kilio alipokiweka hakukiona. Walimpa uji, akanywa kitu cha moto. Walimpa kachumbari yenye pilipili ya kuua mjusi, akatafuna kitu cha baridi. Makaburini maua yalimwagwa, watu wakavuta pumzi wakasema yananukia. Yeye alisikia unyevu. Pua haikumletea habari, ulimi haukumletea habari. Alikwenda, alirudi, alijibu salamu. Ukimuuliza anaendeleaje anasema, "Niko." Na kweli alikuwepo, kama kabati lilivyopo.

Alhamisi alfajiri aliukuta mfuko rafuni. Ulikuwa umetuna kama tumbo la mbuzi aliyeiba mihogo. Bila kufikiri akauchukua akauminya, kitundu kikielekea uso wake. Hewa ikatoka, fff, ikamgusa shavu.

"Bado inapumua," akasema. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Harufu hakuisikia. Lakini ile pumzi aliisikia shavuni. Ndicho kitu pekee alichokisikia wiki ile.

Akaamua huo mfuko hautaguswa. Nyumba ilikuwa imejaa: mashemeji, wapwa, watu wa kijiji wakija kila jioni kusoma dua kwa siku saba, na kila mwanamume anayeingia anauliza kama kuna kahawa. Akaupeleka mahali ambapo hakuna mwanamume atakayeufikia. Akauweka kwenye chumba cha mchele. Nyie wa mjini mna mapipa ya plastiki, lakini nyumba ya zamani kama ile bado ina chumba chake kidogo nyuma ya jiko, na mwanamume haingii humo hata nyumba ikiungua. Pahali salama kabisa.

Ila alisahau kitu kimoja. Ceu Kokom si mwanamume.

Siku ya saba, adhuhuri, Ceu Kokom ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni. Watu themanini wanatarajiwa. Akaingia chumba cha mchele na bakuli, akaona mfuko una mwandiko wa mdogo wake. Akaufungua. Akaona punje rangi ya mdalasini, nyeupe kuliko zote alizowahi kumchekea. Sasa, Ceu Kokom alijua kahawa ya mdogo wake huwa haiivi. Lakini hii ilikuwa imezidi. Akahesabu siku kwa vidole: Jumanne kakaanga, Jumatano kafa. Machozi yakamtoka.

"Masikini Odang," akasema, "kafa kabla hajamaliza."

Akafanya ambacho dada yeyote wa huku kwetu angefanya. Akateleka karai kubwa, akatia siagi kidogo na kiganja cha mchele kama alivyofanya mama yao, akamwaga kahawa ya Abah Odang, akaikaanga mara ya pili. Akaikoroga huku analia. Akaikoroga mpaka ikawa nyeusi, ikatoa mafuta, moshi ukafika kwa imamu.

Wageni walipomaliza dua wakapewa, na sukari ya mnazi. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, Legok Haur nzima ikaisifu kahawa ya Abah Odang.

"Hii ndiyo kahawa!" akasema mmoja.

"Kumbe alijua! Alikuwa anatuficha!"

"Nipe nyingine, hii ni ya kumwombea mtu pepo."

Mak Entin alipewa glasi yake. Akanywa kitu cha moto. Ceu Kokom akaja akakaa karibu naye, akamshika paja, uso umejaa masizi. "Nimemmalizia kazi yake, Entin. Alituachia nusu njiani. Nimemmalizia."

Mak Entin akamtazama. Akatazama glasi. Rinrin alikuwa amesimama na sinia, na anasema aliogopa, kwa sababu alielewa kabla ya mama yake. Alingoja mama apige kelele. Alitamani apige kelele.

"Asante, Ceu," akasema Mak Entin.

Akainuka, akaenda chumba cha mchele, akaufungua mfuko. Karai halikutosha kahawa yote. Chini kabisa palibaki kahawa kidogo. Akaipima kwenye mizani ya mumewe. Gramu tisini na sita. Kikombe kimoja cha mashine ile kinakula gramu kumi na nane. Vikombe vitano, basi, na vumbi juu yake. Vitano tu, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyeacha neno lake la mwisho kwenye kahawa alikuwa amebakiwa na vikombe vitano, na aliyepaswa kumjibu alikuwa hana ulimi wala pua.

Akaitia kwenye mfuko mdogo wenye kitundu, akaubana mdomo kwa moto wa mshumaa. Akaukata ule mwandiko, Kulala, Jumanne, akaubandika juu yake kwa wali. Akaurudisha pale pale.

Rinrin alimwuliza, "Mak, hukasiriki?"

"Sijui," akasema. "Nikikasirika nitakuambia."

Kuanzia hapo, kila alfajiri baada ya sala, aliingia chumba cha mchele, akauminya mfuko, kitundu kikielekea shavu. Siku ya kumi ulipumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Siku ya kumi na tano kama aliyelala. Siku ya ishirini na mbili kama mtoto mgongoni, unamjua yupo kwa joto tu. Mtu mwingine angeomba iamke upesi ainywe. Mak Entin hakuwa na haraka. Akiuminya na hewa ikatoka, alirudi jikoni akawasha moto. Hayo tu. Siku ya thelathini alilazimika kuziba sikio la upande wa pili ili asikie.

Mngependa sasa niwaambie kwamba iliamka siku ya arobaini, siku ya khitma kubwa. Ingependeza. Hata mimi ningependa. Lakini ilikuwa siku ya thelathini na sita, Jumatano ya kawaida, mvua imenyesha, kabichi zimepanda bei. Mak Entin aliuminya, akangoja. Akauminya tena. Akaubonyeza kwa mikono miwili, shavu limegandamana nao.

Hakuna.

Akatoka nao kwenye giza la mchele. Rinrin alikuwa amekuja kwa likizo fupi, anapiga mswaki uani.

"Chemsha maji," akasema Mak Entin.

"Imeamka? Umejuaje, Mak?"

"Haipumui."

Rinrin akatema dawa ya meno, akaenda kuchemsha maji.

Walifungua kibanda. Ceu Kokom akatokea, maana Ceu Kokom ana pua ya mambo hata kama hana ya kahawa. Mak Entin akamwonyesha kiti cha mbali. "Ceu, kaa pale. Mikono nionyeshe."

"Mimi nimekuwa mwizi?"

"Kalia mikono, Ceu."

Akaikalia. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, amekalia mikono yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Na ndivyo alivyokaa mpaka mwisho, au karibu na mwisho.

Kikombe cha kwanza. Kinu cha kusagia kilikuwa bado kimetegwa kusaga chengachenga, kama marehemu alivyokitegea kahawa nyeusi ya kuwauzia wapita njia. Mpini ulikataa kuzunguka. "Ngumu kama kichwa chake," akasema Mak Entin. Walipoikamua, kahawa ilitoka mbio kama bomba lililovunjika, rangi ya chai. Rinrin akaonja, jicho moja likajifunga lenyewe. "Mak, hii chachu ya kweli." Mak Entin akaonja. Kitu cha moto. Vimebaki vinne.

Kikombe cha pili. Wakasaga laini, laini mno. Mpini wa mashine ukagoma. Mak Entin akaning'inia hapo kwa uzito wake wote, miguu inaacha sakafu, kahawa ikadondoka tone, tone, kama paa bovu. "Chungu na inakausha mdomo," akasema Rinrin. Vimebaki vitatu.

Kikombe cha tatu. Wakarudi nyuma kidogo. Kahawa ikatoka vizuri, uzi mwembamba, wote watatu wakainama kuutazama. Rinrin akaonja, akaonja tena. "Si chachu. Si chungu. Ina ladha ya muhogo ambao haujaiva."

Vimebaki viwili.

Mak Entin akakaa kwenye benchi, lile lile benchi. Akasema polepole, bila huzuni yoyote katika sauti, kama anayesoma lebo, "Nitaimaliza na sitajua. Alisema nitamfedhehesha."

Ndipo Ceu Kokom akakohoa. "Mnaruhusu mtu aseme, au na mdomo nao niukalie?"

"Sema, Ceu."

"Kile chuma cha mashine kinachoshika kahawa. Odang alikuwa anakimwagia maji yanayotokota kwanza, anayamwaga, anamwagia tena, mpaka ukikigusa kinakulaani. Kisha ndiyo anaweka kahawa. Halafu maji yenyewe ya kahawa, hangojei yapoe, yanatoka kwenye birika yanaruka. Ile nyeusi hakuifanyia hivyo. Hii nyeupe tu. Na akiisha kuyatia, anashusha mpini kidogo tu, anangoja, anahesabu kumi, kama mtu anayebisha hodi. Mimi nilikuwa nikimwambia, Odang, unapika kahawa au unaosha chuma?"

Rinrin na mama yake wakatazamana. Miaka kumi na saba mmoja alionja na mwingine alicheza nje. Aliyekuwa akitazama kwa makini ni yule aliyekuja kucheka.

Kikombe cha nne. Wakakimwagia chuma maji yanayotokota, wakayamwaga. Mara ya pili. Mara ya tatu, kwa hofu. Mak Entin akakigusa, kikamlaani. Akatia kahawa, akatia maji yanayoruka. Akashusha mpini kidogo, akabisha hodi, akahesabu kumi. Kisha akashusha taratibu mpaka chini. Kahawa ikaja, kwanza haikuja, kisha ikaja, nyembamba kama mkia wa panya, rangi ya asali. Akaiacha itiririke zaidi kuliko ile nyeusi, maana hiyo nyepesi hutaka maji zaidi, hilo alilikumbuka mwenyewe.

Akainua kikombe. Na pua ikafunguka.

Haikuwa matunda, wala maua, wala vitu vile wanavyosema vijana wa baiskeli. Lilikuwa shati. Shati la Odang la miaka ishirini na saba, jioni, mlangoni, jani la chai linapoacha maji yake na kuanza kuwa tamu. Harufu iliyokuwa imetoka ndani ya mwezi mmoja, na yeye akanyamaza, akidhani ameiona ikitoka yeye tu, kumbe na mumewe.

Akanywa. Akatazama dari. Akaacha muda upite.

Rinrin akauliza, na anasema hakukusudia, ilimtoka tu: "Vipi, Mak?"

"Chachu."

Rinrin akakichukua kikombe, akaonja kidogo. Akamtazama mama yake. "Mak, hii si chachu. Hii ni tamu. Ni tamu kabisa."

"Najua."

"Sasa mbona unasema chachu?"

"Nikimwambia si chachu," akasema Mak Entin, "ataacha kukaanga."

Nje, mtungi wa gesi wenye mota ya pampu ulikuwa umefunikwa kwa turubai, maji ya mvua yamejikusanya juu yake. Hakuna aliyemsahihisha. Mak Entin mwenyewe alisikia alichosema, akakaa nacho.

Ceu Kokom akatoa mkono mmoja alioukalia, umekufa ganzi, akaunyoosha. Akapewa kikombe. Palibaki tone. Yeye ambaye hajawahi kunywa kitu bila sukari, akalimeza, akakunja uso.

"Chachu," akasema. "Chachu mno. Mwambie akaange tena."

Mtaniuliza kama Mak Entin alilia. Hakulia. Alikiosha kikombe. Lakini adhuhuri ile alionja mboga akasema haina chumvi, na Rinrin anasema tangu msiba hajasikia neno zuri kama hilo.

Kikombe cha tano hakijanywewa. Gramu kumi na nane na vumbi, zimo kwenye mfuko, kwenye chumba cha mchele. Rinrin anasema mama yake bado anauminya kila alfajiri. Haitoki hewa. Anauminya tu, kisha anawasha moto.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Odang Suhanda, Abah Odang wa Legok Haur, aliyefariki na miaka sitini na tatu. Miaka ishirini na saba ya chai, miaka kumi na saba ya kahawa, na chachu moja ndefu. Kwa Mak Entin, kwa Rinrin, kwa Ceu Kokom aliyekuwa anatazama, sisi wote wa redio hii tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema, amlaze vizuri, na asiamshwe kabla ya wakati wake.

Na ninyi mliobaki na sufuria zenu, ongezeni moto sasa. Akija mtu wako leo na kikombe, au na bakuli, au na kiatu alichokishona mwenyewe, akasimama hapo anakuuliza vipi, usimwache amesimama. Mwambie ukweli, au mwambie uongo wenu wa siku zote, mnaujua wenyewe. Lakini mjibu angali anasikia.